Kibuyu Kilichovaa Mkufu

Mama mmoja alikuwa na kekee moja na binti mmoja, na kati ya hao wawili ni kekee tu iliyokuwa na ajira.

Kekee yenyewe ilikuwa ya kizamani, ya upinde: ncha ya chuma, mti wa kuizungusha, na ukanda wa ngozi unaolia zii-zii-zii ukivutwa. Mama huyo, Bi Nyamizi wa Tabora, aliirithi kwa baba yake. Kila Jumamosi alipita kwa maseremala akiokota vipande vya mninga ambavyo wao waliviona takataka. Alivikata, akavitoboa, akavisugua juu ya jiwe mpaka vikawa shanga za mviringo, kisha akazipaka nta ya nyuki na kuzitunga kuwa mikufu, bangili na hereni. Shanga zake zilikuwa nyekundu kama udongo uliotoka kunyeshewa, na zilinukia asali. Aliyezivaa mara moja hakutaka kuzivua. Shida ni kwamba waliowahi kuzivaa ungeweza kuwaweka wote kwenye benchi moja, maana shanga zilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, zikisubiri kujiuza. Bi Nyamizi alikuwa na methali moja tu, na aliishi nayo kama wengine wanavyoishi na presha: "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Aliisema akitoboa, akaisema akisugua, akaisema akilifunga sanduku.

Binti aliitwa Kalunde. Alikuwa na shahada ya masoko, first class, na tangu siku alipovishwa joho hakuwa ameuza hata kiberiti. Miaka mitatu alizunguka na bahasha ya kaki. Kila mlango ulimuuliza uzoefu, na uzoefu ungetoka wapi kama kila mlango unauliza uzoefu? Aliitwa kwenye semina, akapewa soda na sambusa moja, akaambiwa ajiajiri. Waliomwambia walikuwa wameajiriwa. Alitoka pale na hasira ya kuweza kuchemsha maharage, akaenda akakaa kizingitini kwao, akawa anaihukumu dunia nzima kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Na nyuma ya mgongo wake, uani, kekee ililia zii-zii-zii, kama ilivyolia alipokuwa mchanga mgongoni mwa mama yake, kama ilivyolia enzi zile ikiwatobolea maseremala mbao kwa malipo na kumlipia ada mpaka chuo.

Basi mji ukatangaza maonyesho ya kazi za mikono, siku tatu, katika kiwanja kikubwa karibu na stesheni. Bi Nyamizi akalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, vumbi na buibui wake, akaliweka miguuni pa binti yake.

"Goti langu haliwezi kusimama kutwa," alisema. "Nenda wewe. Si ndicho ulichosomea?"

"Mama, watu wa siku hizi wanataka plastiki."

"Hilo ndilo nataka kulijua kabla sijafa. Jioni ya siku ya pili nitalinyanyua sanduku kwa mkono wangu mwenyewe. Likiwa jepesi, natoboa mpaka Mungu aniite. Likirudi zito kama lilivyotoka, basi dunia imenijibu. Kekee nampa Mzee Tambwe atobolee kandambili."

Mzee Tambwe alikuwa fundi viatu, kiti chake kiko getini mwa kiwanja kile kile, na kekee ile alikuwa akiitamani tangu Kalunde hajaota meno. Kalunde alicheka kwanza. Halafu akageuka kutazama uani. Alijaribu kuufikiria ua wao bila ule mlio, akashindwa. Nyumba ilikuwa na mtu mmoja asiye na kazi, na kweli huyo mmoja alitosha.

Sikilizeni jinsi alivyoipanga meza, kwa sababu nusu yenu ndivyo mlivyozipanga zenu.

Siku ya kwanza alipewa meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, katikati ya wauza asali na jamaa mmoja wa makamo aitwaye Zuberi, muuza bangili za plastiki. Kalunde alitandika kitenge kizuri kuliko vyote vilivyokuwa kwao: kitenge cha njano na nyekundu, chenye tausi wakubwa waliokunjua mikia. Juu ya tausi akamwaga mikufu, akaipanga mafungu ya mitanomitano, kama nyanya, kwa sababu sokoni ndivyo alivyoona vitu vikipangwa tangu azaliwe: kinachouzwa kinawekwa fungu. Hereni akazilundika kwenye sahani. Nyuma, kwenye nguzo, akalitundika joho lake jeusi, na katikati ya meza, mahali pa heshima, akaisimamisha shahada ndani ya fremu yenye kioo na pembe za dhahabu. Mwisho akatoa kioo kidogo cha kujitazamia, akakiegemeza kwenye sahani ya hereni, uso wake ukimwelekea yeye, apate kurekebisha lipstiki. Muuzaji, alisema, lazima awe presentable. Bei hakuandika. Aliyeuliza alijibiwa "tutaelewana," naye kwa kuogopa kuelewana akaondoka zake.

Zuberi alilitazama joho kuanzia ukosi mpaka pindo.

"Karibu, jirani," alisema. "Kesi inaanza saa ngapi, mheshimiwa?"

"Kesi ya plastiki yako inaanza sasa hivi."

"Mimi nakiri kosa, nifunge. Lakini nifunge nikiwa nimeshauza."

Na kweli aliuza. Bangili zake, rangi za pipi, zilining'inia kwenye bomba mbili zilizosimama kama ndizi kwenye mkungu; aliyekuwa getini aliziona. Watu walimiminika kwake, wakivaa, wakivua, wakicheka. Kalunde aliwatazama kama mtu anayetazama watu wakinywa maji ya mtaroni huku kisima kiko hapa. Alikaa, akakunja mikono, akangoja. Chema chajiuza.

Kuelekea saa sita dada mmoja mnene, amependeza, akasimama mbele ya meza. Akainama. Akagusa. Moyo wa Kalunde ukaruka.

"Dada, hiki ni bei gani?"

"Huo mkufu?"

"Mkufu upi? Mimi nauliza kitenge."

Zuberi alicheka mpaka akashika bomba. Baada ya huyo wakaja wengine, na wote walisoma shahada. Waliisoma kwa sauti, jina lote, mpaka tarehe na saini. "Hongera sana," walisema, wakaondoka na kununua plastiki. Baba mmoja alikaa muda mrefu kuliko wote. Kalunde akadhani huyu sasa ndiye. Kumbe alitaka kumuuliza kama anaweza kumjazia binti yake fomu za chuo.

Siku ya pili Kalunde akafanya kosa la msomi: jambo lililoshindwa kufanya kazi, akaliongeza. Alilimwaga sanduku lote mezani. Mafungu juu ya mafungu, mikufu ikashikana kama nyoka wanaopigana, huwezi kuuvuta mmoja bila kuburuta saba. Tausi wakabaki mikia tu. Fremu akaipiga kitambaa mpaka ikang'aa, akaisogeza mbele zaidi. Watu wakapita. Wengine walidhani anauza chakavu kwa kilo.

Alasiri akaja mkunga mstaafu, Mama Paskazia, mwanamke aliyeipokea nusu ya mji ule kwa mikono yake na hakuwa na muda wa kumwonea mtu haya. Kalunde alisimama, "Shikamoo, mama." Mama Paskazia aliitikia marahaba, akavaa miwani, akainama juu ya meza. Akainama zaidi. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Jua lilikuwa nyuma ya Kalunde, linampiga mgeni machoni. Mbele yake kulikuwa na tausi, mafungu, saini ya mkuu wa chuo, na mgongo wa kioo. Akanyoosha kiuno taratibu, mkono juu ya nyonga.

"Mwanangu," aliuliza, bila kejeli hata kidogo, "hapa unauza shanga au unauza shahada?"

Kalunde aliishika fremu, akaisogeza kando kidogo, akairudisha pale pale. Mama Paskazia alingoja kidogo, kama alivyokuwa akingoja watoto wakatae au wakubali kutoka, kisha akaenda zake. Zuberi ni shahidi: hata yeye hakucheka.

Jioni Bi Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni. Alilishika sanduku kwa vishikio vyote viwili, akakaza mgongo, akalinyanyua. Likapanda kidogo, likatua pu. Likabaki pale katikati yao kama mzee wa baraza aliyetoa hukumu.

"Sawa," alisema.

Hiyo tu. Alikwenda uani, akaitoa kekee kwenye kigingi chake, akaikunja ndani ya kanga, akaifunga fundo mbili, kama mtu anayefunga mzigo wa msiba. Kalunde alitaka kusema kosa ni la watu. Alitaka kusema kosa ni la plastiki, la mfumo, la waliogawa sambusa. Yote yalikuwa na ukweli ndani yake. Lakini kila alipoanza kulisema moja, swali la mkunga lilimtangulia.

Siku ya tatu walikwenda pamoja. Bi Nyamizi alishika kekee kwapani na kibuyu cha togwa mkononi, kwa sababu hata mtu anayekwenda kuizika kazi yake lazima anywe kitu mchana. Getini Mzee Tambwe aliiona kanga yenye fundo mbili akaelewa yote. Akaanza kufuta kiti chake. "Mwangaluka, mama," alisalimia, na meno yote nje.

"Mwangaluka. Acha nipumzishe goti kwa huyu binti, nikirudi nakuletea."

Kalunde alikuwa ametangulia mezani na amekwisha tandika. Tausi, mafungu, fremu. Hakuwa na nguvu ya kupanga vingine. Bi Nyamizi alifika, akatafuta mahali pa kuweka kibuyu, hapakuwepo. Meza yote ilikuwa imelala chini ya vitu. Akasukuma fungu moja kwa kiwiko, akakisimamisha kibuyu pale. Mkufu mmoja, wa shanga kubwa, ulikuwa unaanguka ukingoni. Akaudaka, na kwa kuwa mkono mwingine ulikuwa na kekee, akautupia shingoni mwa kibuyu, kama mtu anavyotundika taulo.

Akakaa. Akaanza kulisugua goti.

Hebu kitazameni kibuyu hicho. Kilikuwa cha shingo ndefu na tumbo la mviringo, rangi ya uji wa ulezi, kimeng'aa kwa kushikwa miaka. Kilisimama. Katika meza nzima hiyo, kwa siku tatu, ndicho kitu cha kwanza kusimama ukiacha shahada. Na shingoni mwake mkufu wa mninga ukashuka, ukatulia kifuani, kila shanga ikaonekana moja moja, jua likapita ndani ya nta, na ule wekundu ukawaka.

"Na huyo mwenye mkufu ni nani?"

Sauti ilitoka mbali, kutoka mwisho wa safu ya wauza asali. Ilikuwa ya Mama Paskazia. Alikuja mbio za kizee, mfuko wa sukari unampiga pajani.

"Ni kibuyu, mama," Kalunde alisema.

"Kinanishinda kwa kupendeza. Kivue, unipe."

Kalunde aliuvua mkufu, akamvalisha. Mama Paskazia akaushika kwa vidole vyote kumi, akaunusa, akafumba macho. Halafu akageuka huku, akageuka kule, akitafuta kitu.

"Sasa mimi najiona wapi?"

Kalunde akanyoosha mkono kuchukua kioo. Na mkono ukasimama hewani. Kwa sababu ndani ya kioo kile, kama jana, kama juzi, aliiona sura yake mwenyewe: lipstiki safi, midomo imebinuka, imekasirika. Siku tatu. Siku tatu nzima mji wa Tabora ulipita mbele ya meza ile ukatazama mgongo wa kioo, na yeye alikuwa anaushangaa mji kwa nini hauoni.

Akakigeuza.

Mama Paskazia akajiona. Uso ule uliozoea kuwakaripia wanawake wasukume ukalainika kama wa msichana wa kipaimara. Alijitazama kwa muda ambao hakuna mtu aliyewahi kuitazama shahada. "Huu hautoki," alisema. "Kama nimezaliwa nao." Na hakuuvua.

Pale ndipo Kalunde aliposhikwa. Mlisema nini, pepo? Basi pepo! Alishusha chini kibuyu, kioo na fremu, akakamata pindo la kitenge kwa mikono miwili akakivuta kwa mpigo mmoja, mafungu yakamwagika ndani ya sanduku gwalagwala, tausi wakaruka juu, Zuberi akaruka nao.

"We dada, umepatwa na nini?"

"Nimepatwa na akili! Zuberi, naomba lile debe lako tupu. Na hilo tofali. Haraka, kaka!"

"Huo sasa ndio uuzaji au ndio vita?"

"Nipe debe!"

Akapewa. Alilipindua debe juu ya meza, tofali akaliweka upande huu, meza ikapata mlima na kilima. Akalishusha joho kutoka kwenye nguzo, joho lile alilolipenda kuliko nguo yoyote duniani, akalitandika juu ya mlima na kilima mpaka chini, jeusi tii, halina tausi, halina neno. Akaizungusha meza nzima, mguu mfupi na yote, ili jua liangukie bidhaa na kuyaacha macho ya watu. Akakimbilia kwa wauza asali, "Shikamooni, naazima vibuyu, narudisha jioni, naapa," akarudi na vinne kifuani, akavipanga kwa kimo: kirefu kileleni, kifupi bondeni, kama akina mama wanaopangwa kwa picha ya harusi. Kila kimoja mkufu mmoja. Mmoja tu! Mikono yake ilitaka kuongeza, mazoea ya fungu yakamvuta, akaikataza. Bangili tatu kwenye chupa. Nyingine zote zikabaki sandukuni, chini ya meza, zikingoja zamu.

Ikabaki fremu. Akaishika. Zuberi akasogea, wauza asali wakanyoosha shingo. Hakuivunja, na hakuichana karatasi yake, maana ile si takataka, ilikuwa jasho. Aliigeuza tu uso chini, akaisimamisha tena mgongo wake wa kadibodi ukiwatazama watu, akaitoboatoboa kadibodi hiyo kwa pini, akazitundika hereni humo jozi kwa jozi, na chini ya kila jozi akaandika bei kwa kalamu ya risasi, wazi, asiyetaka kuuliza asome. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu itolewe, shahada ile ikabeba kitu.

Watu walikuwa wamekwisha anza kusimama. Bi Nyamizi naye akasimama, kanga yake kwapani.

"Meza yako imependeza, mwanangu. Acha nimpelekee Mzee Tambwe mzigo wake, aliniona nikipita."

"Mama, kabla hujampa, toboa shanga moja. Moja tu. Hapa."

"Hapa mbele za watu? Mimi nimekuwa ngoma ya kutazamwa?"

"Mama!"

"Chema chajiuza, Kalunde. Kimeshindwa kujiuza, basi si chema. Niache nikapumzike."

Kalunde alipiga magoti pale pale kwenye vumbi, akazifungua zile fundo mbili kwa meno na kucha, huku akisema na mdomo umejaa kanga. "Mama, chema chako kililala. Chini ya kitanda kililala, na mimi nikakichukua nikaja kukilaza mezani. Kitu kikilala watu hukiruka, hata kiwe dhahabu. Kisimamishe, mama. Mara moja. Wakikiona wakakikataa, mimi mwenyewe nitaibeba kekee mpaka getini, na nitamshikia Mzee Tambwe hizo kandambili akitoboa."

Bi Nyamizi alimtazama binti yake, vumbi magotini, lipstiki imeingia kwenye kanga. Labda alicheka kidogo. Akakaa chini pembeni mwa meza, akachukua kimoja cha vipande vya mninga alivyovifunga pamoja na kekee na nta, akakikaza kwa kidole gumba cha mguu, akauvuta upinde.

Zii-zii-zii!

Oya, mlio ule! Kwenye maonyesho palikuwa na spika mbili kubwa zilizokuwa zinapiga muziki tangu juzi, na hakuna aliyezisikia tena. Lakini zii-zii-zii ilipita katikati ya muziki kama sindano kwenye kitambaa. Watu waligeuka. Vumbi jekundu likaruka, shanga ikazaliwa mbele ya macho yao, ya moto, ikapakwa nta, harufu ya asali ikatoka. "Kumbe inatobolewa hivi?" "Ni mti kweli huu?" "Mama, nami niguse!" Wanawake wawili waligombania kioo mpaka Zuberi akatoa cha kwake. Mwalimu mmoja alivaa mkufu, akajitazama, akaita wenzake wanne. Mwanajeshi alinunua hereni za mama yake, akaziweka kwenye mfuko wa shati, akaupiga kifungo. Kibuyu kikivuliwa, Kalunde anainama sandukuni, kinavikwa tena; kikivuliwa, kinavikwa. Alikuwa anacheka, anatoka jasho, anasema "karibu, jaribu, jitazame," na ile hotuba yote aliyoikariri chuoni haikumjia hata sentensi moja, maana hakuna mtu anayenunua mkufu: mtu hununua shingo yake mwenyewe ikiwa ndani ya mkufu, na kazi ya muuzaji ni kumwonyesha tu hiyo shingo.

Kwenye saa tisa hivi watu wakapisha njia, akatokea Mzee Tambwe, mikono ameipangusa, anatabasamu.

"Bi Nyamizi, nimekuja kukichukua kile chombo, nisikusumbue kutembea."

Bi Nyamizi hakuinua kichwa. Upinde ulikwenda, ukarudi.

"Panga foleni, Mzee Tambwe."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika stesheni. Na Mzee Tambwe, kwa kuwa alikuwa muungwana, akapanga. Zamu yake ilipofika alitazama vibuyu vyote vitano, akakuna kidevu, akachagua bangili ya mke wake.

Jioni watu wakapungua, spika zikazimwa, vibuyu vikarudishwa kwa wenyewe. Joho lilikuwa na vumbi la mninga, nta, na tone la togwa. Kalunde alilikung'uta, akalikunja kwa adabu kuliko siku alipolivaa. Bi Nyamizi aliifunga kekee ndani ya kanga, fundo moja tu safari hii, fundo la kitu kitakachofunguliwa kesho. Kisha akainama chini ya meza kulichukua sanduku. Akalishika kwa vishikio vyote viwili, akakaza mgongo, kama jana, kama mtu anayejua uzito wa jambo lake, akavuta.

Akaenda kinyumenyume hatua nne, sanduku kifuani, akaishia kwenye bomba za Zuberi.

"Mama!" Zuberi akamdaka. "Kwenye hicho kibuyu mlikuwa na togwa tu, au?"

Bi Nyamizi alijiweka sawa. Alilitikisa sanduku karibu na sikio lake. Halikusema kitu. Akalitikisa tena, akamtazama binti yake, akaanza kucheka, na alicheka mpaka akalazimika kukaa chini juu ya sanduku lenyewe, ambalo kwa mara ya kwanza katika maisha yake lilikuwa jepesi kiasi cha kupiga kelele lilipokaliwa.

Na msije mkaondoka hapa mkidhani mfano huu unawasafisha wagawa sambusa. Wao wana meza yao, imejaa tausi, na siku yao ya kuulizwa swali la mkunga inakuja. Lakini mfano huu hawakuambiwa wao.

Umeambiwa wewe, mwenye shanga za asali chini ya kitanda, unayekaa kizingitini ukiilaani dunia kuwa kipofu: hicho kioo kilicho juu ya meza yako, kimemwelekea nani?